Dhamana ya Ziada ya Kamera: Tulipe au Tuache?

Somo la kusoma pamoja nyumbani: Luka 14:28-30, Waefeso 5:21



Huenda kichwa cha fundisho la mwezi huu kimewashangaza. Ukurasa huu umezoea kuzungumzia sala ya familia, malezi ya watoto, wakwe na mambo ya unyumba. Je, kamera imeingiaje? Imeingia kwa mlango uleule unaoingiza ugomvi mwingi katika nyumba zetu, yaani mlango wa fedha. Tena fedha zenyewe si nyingi. Ni nadra mume na mke kugombana juu ya kununua shamba, kwa maana jambo la shamba huitiwa wazee, likazungumzwa miezi mitatu, kila mmoja akasema la moyoni mwake. Hugombana juu ya elfu kumi na tatu zilizotolewa dukani kwa dakika mbili, na mmoja wao akiwa peke yake.

Hebu tuchukue mfano. Mume ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye siku za Jumamosi hupiga picha za arusi, ubatizo na kipaimara. Mkewe huuza nguo za mitumba sokoni. Zamu ya mke katika chama imefika, nao wamekubaliana kwamba fedha zile, pamoja na mkopo mdogo wa SACCO, zinunue kamera ya kazi. Hadi hapo wamekwenda vizuri kabisa. Mume anapanda matatu hadi Nairobi, anaingia duka moja la Luthuli Avenue na kuchagua kamera pamoja na lenzi yake kwa shilingi 90,000. Anapotoa fedha, kijana wa kaunta anamwambia kwa upole, "Mwalimu, hii ina dhamana ya mwaka mmoja tu. Ukiongeza 13,500 tunakupa miaka mingine miwili. Lakini ni leo tu. Ukishatoka hapa hatuwezi kukuongezea."

Mwalimu afanye nini? Kabla ya kumjibu kijana yule, yafaa tuelewe anauza nini.

Karatasi ile ni kitu gani?

Dhamana, au waranti kama tulivyozoea kuiita madukani, ni ahadi. Ile ya kwanza hutolewa na mtengenezaji, nayo imo ndani ya bei uliyolipa. Husema hivi: ikiwa niliiunda vibaya, nitaitengeneza bila malipo kwa muda fulani, aghalabu mwaka mmoja. Ile ya ziada ni ahadi nyingine inayouzwa peke yake, na mara nyingi anayeahidi si mtengenezaji tena. Huenda ni duka lenyewe, au kampuni nyingine ambayo duka linaiuzia karatasi zake na kupata kamisheni. Ndiyo maana kijana wa kaunta ana bidii hivyo. Simlaumu, naye ana watoto wa kulisha.

Basi swali la kwanza ni nani anayeahidi. Ahadi ya duka huishi kadiri duka linavyoishi. Wengi wetu tulinunua friji na televisheni katika Nakumatt, nayo ilikuwa na matawi karibu kila mji mkubwa wa nchi hii. Mnamo Januari 2020 wadai wake walipiga kura kampuni ivunjwe. Kama jitu kama lile lilianguka, basi ahadi ya miaka mitatu kutoka kwa duka dogo ghorofani yapasa kutazamwa mara mbili.

Swali la pili ni ahadi inaanza lini. Mikataba mingine huanza kuhesabu baada ya ile ya mtengenezaji kwisha. Mingine huanza siku ileile ya kununua. Ukilipia "miaka mitatu" ya namna hii ya pili, mwaka wa kwanza umelipia kitu ambacho ulikuwa nacho tayari.

Swali la tatu ndilo zito, nalo ni kwamba ahadi inakataa nini. Hapa ndipo maandishi huwa madogo. Soma karatasi nyingi za namna hii na utakuta kwamba hazilipii kamera iliyoanguka, iliyoingia maji au mchanga, wala iliyoibiwa. Hazilipii ukungu unaoota ndani ya lenzi, jambo ambalo ndugu zetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu wanalijua vizuri kwa sababu ya unyevu wa pwani. Hazilipii kamera iliyofunguliwa na fundi wa mtaani. Hazilipii kuchakaa kwa kawaida. Na mikataba mingine, sikilizeni hili enyi wapiga picha, hukataa kabisa kamera inayotumika kwa biashara.

Kuhusu kuchakaa, ngoja niseme kidogo. Ndani ya kamera mna kipande kiitwacho shata, kinachofunguka na kujifunga kila unapopiga picha. Watengenezaji huijaribu kwa idadi fulani ya picha. Kwa Canon EOS 6D idadi hiyo ilikuwa 100,000, na kwa Nikon D850 ni 200,000. Sasa mpiga picha wa arusi anaweza kupiga picha 1,500 kwa siku moja. Akipata arusi 40 kwa mwaka, hizo ni picha 60,000. Kwa miaka miwili amepita laki moja. Shata ikifa hapo, mwenye karatasi atasema imechakaa kwa kutumika, na kwa mujibu wa maandishi yake huenda asiwe mwongo.

Basi tazameni hali ya mwalimu wetu. Anapeleka kamera katika arusi, mahali penye vumbi, watoto wanaokimbia, soda inayomwagika na mvua ya ghafla. Mambo yanayoweza kuiua kamera yake ni kuanguka, maji na wizi. Karatasi anayouziwa inalipia hitilafu za ndani zilizotoka kiwandani. Isitoshe, kazi yenyewe inayomfanya aihitaji dhamana huenda ndiyo inayoifuta.

Haki ambayo hailipiwi

Wakristo wengi hudhani kwamba pasipo karatasi ya dhamana hawana kitu. Sivyo. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inataka bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inasema jambo hilo tena katika kifungu cha 5. Na Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike na bidhaa hizo, na haki ya kufidiwa kwa hasara itokanayo na kasoro zake.

Maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida? Kamera mpya ikizimika baada ya wiki tatu bila kuangushwa, huhitaji kuwa ulilipa 13,500 ndipo upate masikizano. Yale maneno yaliyopigwa muhuri kwenye risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, hayamwondolei muuzaji wajibu wa kuuza kitu kizima. Rudi dukani kwa upole ukiwa na risiti. Ukikataliwa, Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji. Tena tangu mwaka 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, nawe unaweza kujisimamia bila wakili.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua ni kamera ilipotoka. Baadhi ya kamera zinazouzwa kwa bei nafuu zimeletwa na wafanyabiashara binafsi kutoka nchi nyingine, nayo dhamana ya mtengenezaji mara nyingi hufungamana na eneo ambalo kamera ilikusudiwa kuuzwa. Muulize muuzaji wazi: dhamana hii itaheshimiwa hapa Kenya, na karakana ya kutengeneza iko wapi? Akijibu kwa kuzungukazunguka, umepata jibu.

Tukae na kalamu

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Alitaja kuketi. Pale kaunta mwalimu amesimama, na nyuma yake kuna foleni. Hebu tumpe kiti.

Tuseme kutengeneza hitilafu ya kawaida kwa kamera kama hiyo ni shilingi 25,000. Karatasi ni 13,500. Ili fedha za karatasi zirudi, lazima kuwe na zaidi ya nafasi moja kwa mbili kwamba kamera itaharibika ndani ya miaka ile miwili, tena kwa namna ileile inayokubaliwa na maandishi. Na hata tukisema kwamba kila kuharibika ni kufa kabisa, hata ulipwe kamera mpya ya 90,000, bado ingepasa kamera 15 kwa kila 100 zife ndipo wenye karatasi na wanunuzi watoke sawa. Lakini mwenye karatasi hataki kutoka sawa. Ana mafundi wa kulipa, kamisheni ya kijana wa kaunta, kodi ya ofisi na faida yake. Kwa hiyo wanunuzi wote wakijumlishwa pamoja, hulipa zaidi ya kile wanachorudishiwa. Si dhambi, ndiyo biashara yenyewe. Ila yafaa tujue.

Tena vyombo vya umeme vina tabia moja. Vile vilivyoundwa vibaya kwa kawaida hujitambulisha mapema, katika wiki au miezi ya kwanza, wakati dhamana ya mtengenezaji ingali hai. Vikivuka hapo, hukaa kimya muda mrefu, hadi uchakavu unapoanza kuvila. Dhamana ya ziada huuzwa kwa kile kipindi cha kimya. Ni kama kumwajiri mlinzi wa mchana katika mtaa ambao wezi huja usiku.

Kwa sababu hizo maoni yangu ni haya: kwa familia nyingi, afadhali kuiacha karatasi ile na kuziweka fedha zile kando kwa jina lake. Msiseme tu "tutaweka akiba", kwa maana akiba isiyo na jina huliwa na unga na sukari kabla ya mwisho wa mwezi. Fungueni mahali pake, iwe ni katika SACCO, katika simu au katika kibubu cha kufungwa, mkaziandike "za kamera". Mwalimu akiongeza shilingi 500 kutoka kila arusi, arusi 40 zitamletea 20,000 kwa mwaka. Fedha hizo hulipia kuanguka, maji, hata uchakavu, na hazina maandishi madogo. Miaka miwili ikipita salama, bado ni zenu.

Pamoja na hayo mnunue kinga. Mkoba mzuri wenye sponji, mkanda imara wa shingoni, kifuniko cha plastiki kwa siku za mvua, na kwa watu wa pwani sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu. Vyote hivi havifiki nusu ya bei ya karatasi ile.

Lakini sisemi kwamba kila anayelipa ni mjinga. Kuna nyumba ambayo kamera ndiyo ng'ombe wa maziwa pekee, na ikilala siku kumi watoto watalala njaa. Kama kuna karatasi inayosema wazi kwamba inakubali kazi ya biashara, kwamba inalipia kuanguka na maji, na kwamba utapewa kamera nyingine ya kutumia wakati yako iko kwa fundi, hiyo yastahili kuzungumziwa. Hata hivyo linganisheni kwanza na bima. Kampuni za bima hapa nchini zina bima ya vitu vya kubebwa ambayo hulipia wizi na ajali nje ya nyumba, mambo ambayo dhamana huyakimbia. Ulizeni bei ya mwaka na kiasi ambacho ninyi wenyewe mtabeba kabla ya bima kulipa.

Na wale walionunua kwa mkopo wahesabu kitu kingine. Mkopo wa miezi 24 na dhamana ya miezi 12 havitembei pamoja. Kamera ikifa mwezi wa kumi na tano, mtaendelea kulipia maiti kwa miezi tisa. Hapo aidha akiba ya kamera iwe imekwisha anza kabla ya mwezi wa kumi na mbili, au mkopo ufupishwe.

"Nilikuambia"

Sasa tumefika penye kidonda. Hesabu ni rahisi. Watu wawili wenye kalamu huimaliza kabla chai haijapoa. Lililo gumu ni kwamba mara nyingi mume na mke hawagombani juu ya kamera.

Tuseme mwalimu alilipa ile 13,500 bila kupiga simu. Akirudi nyumbani akasema kamera ilikuwa 90,000, akanyamaza juu ya ile nyingine. Siku mbili baadaye mke anataka kufua suruali na kukuta risiti mfukoni. Yeye anasoma 103,500. Mume atasema, "Mama watoto, nilikuwa nalinda mali yetu." Huenda ni kweli. Lakini mke hasomi neno "dhamana" kwenye ile risiti. Anasoma miezi ambayo alitoa mchango wa chama hata siku ambazo soko lilikuwa baya. Anasoma nguo ambazo zingeongezwa kibandani kwa zile 13,500. Zaidi ya yote anasoma kwamba katika jambo la fedha zake, hakuonekana kuwa mtu wa kuulizwa.

Sasa tugeuze. Tuseme mwalimu alipiga simu, mke akasema lipa, mwalimu akadhani ni woga wa wanawake na hakulipa. Mwezi wa kumi na nne, katika sherehe moja, mtoto anajikwaa kwenye waya na kamera inaanguka sakafuni. Mume anafika nyumbani jioni akiwa ameshika mkoba kama anayebeba mgonjwa. Mke anasema neno moja tu, "Nilikuambia."

Tazameni jinsi shetani alivyo mjanja. Karatasi ile isingelipia kuanguka! Hata angalikuwa nayo, ingalisema hapana. Lakini hawa wawili watalala wamegeuziana migongo juu ya ahadi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisoma. Kwa maoni yangu, hasara ya siku ile si kamera tena.

Kwa sababu hiyo nawashauri mfanye mapatano mawili kabla mtu hajapanda matatu kwenda mjini.

La kwanza ni la kiasi. Afikaye dukani awe amekubaliana na mwenzake juu ya jumla yote, pamoja na mkoba, kadi ya kuwekea picha na vikorokoro vingine. Likizuka jambo jipya pale kaunta, atoke nje apige simu. Akiambiwa "ni leo tu", hiyo ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutoka nje. Maduka mengine huiuza karatasi hiyohiyo siku kadhaa baadaye, ukiuliza. Na kama kweli ni leo tu, basi aombe nakala ya masharti, aipige picha kwa simu na kumtumia mwenzake. Muuzaji asiyekubali masharti yasomwe kabla ya malipo, mwachieni karatasi yake.

La pili ni gumu zaidi. Mkiisha kuamua, iwe ni kulipa au kuacha, uamuzi ule ni wenu wote wawili. Msilipolipa, kisha kamera ikafa, hakuna atakayesema "nilikuambia". Mkilipa, na miaka miwili ikapita bila karatasi kutumika, hakuna atakayesema "ulitupotezea". Semeni maneno haya kwa sauti mbele ya mwenzako, kabla ya kujua litakalotokea. Ni rahisi kusamehe hasara ambayo mlikwisha kubali kuibeba pamoja. Mtakatifu Paulo aliwaandikia Waefeso wanyenyekeane wao kwa wao, nayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1135, inatamka kwamba mume na mke wana haki na wajibu sawa katika maisha yao ya pamoja ya ndoa. Wengi wetu tunaikubali kanuni hiyo kanisani, kisha tunaisahau tukifika kaunta.

Yafaa pia kusikiliza woga wa mwenzako unatoka wapi. Mke anayesisitiza "lipa tu" huenda hana haja na ile karatasi. Huenda anachouliza ni kama karo ya muhula wa tatu itakuwepo kamera ikifa. Mtu aliyeona duka la babake likifilisika alipokuwa mtoto hawezi kuhesabu hatari kama yule aliyekulia penye akiba. Ukimjibu kwa hesabu ya nafasi moja kwa mbili hujamjibu. Mwonyeshe akiba ilipo na ni kiasi gani, naye atatulia. Papa Fransisko, katika waraka wake wa 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, sura ya nne, alizungumza kwa kirefu juu ya mazungumzo ya wanandoa, na jambo aliloweka mbele ni kumpa mwenzako muda na kumsikiliza mpaka amalize, kabla hujatoa maoni yako. Someni namba 136 hadi 141. Si ndefu.

Na upande wa pili kuna woga unaovaa mavazi ya busara. Nimeona nyumba zaidi ya moja ambamo kamera nzuri inalala kabatini imeviringishwa kwa leso, hutolewa Krismasi na Pasaka tu, isije ikaharibika. Mkumbuke yule mtumwa wa Injili ya Mathayo sura ya 25 aliyeogopa akaifukia talanta ardhini. Yeye hakuipoteza hata senti. Busara ni fadhila, na Katekisimu inaifundisha katika namba 1806 kuwa ni ile inayotusaidia kutambua lililo jema na kuchagua njia inayofaa ya kulifikia. Kuogopa kila kitu si busara, kama vile kurusha fedha hovyo si imani.

Nilitazamia mtu aniambie nimalizie kwa kufananisha ndoa na kamera, kwamba ndoa haina waranti. Nimekataa. Mke si chombo, mume si chombo, na Sakramenti haikununuliwa Luthuli Avenue.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kila mmoja aandike kwa siri kiasi cha fedha ambacho anaona mwenzake anaweza kutumia bila kumwuliza. Kisha fungueni karatasi mbele ya kila mmoja. Je, mmeandika kiasi kimoja?

2. Ni chombo gani nyumbani kwenu ambacho kikiharibika kesho mtakwama? Fedha za kukitengeneza ziko wapi leo?

3. Neno "nilikuambia" lilisemwa lini mara ya mwisho, na juu ya nini? Aliyelisikia amwambie mwenzake jinsi alivyojisikia. Aliyelisema asikilize bila kujitetea.

4. Kwa wanaojiandaa kufunga ndoa: mmekwisha ambiana madeni yenu yote?

Kazi ya mwezi huu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tafuteni risiti na kadi za dhamana za vyombo vyenu vyote, redio, simu, pasi na kamera. Angalieni vizuri zile risiti zilizochapwa kwenye karatasi laini ya kung'aa, kwa maana wino wake hufifia, na baada ya mwaka huenda usione hata tarehe. Zitoeni nakala au zipigeni picha kwa simu. Katika daftari moja andikeni jina la chombo, siku kiliponunuliwa, duka, bei, namba iliyochapwa kwenye chombo chenyewe, na siku dhamana itakapokwisha. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo kijaribuni chombo kwa makini, kila kitufe, ili kama kina kasoro kirudishwe dhamana ingali hai. Daftari likae mahali ambapo nyote wawili mnaweza kulifikia.